Mwalimu Aliyekataa Kulala kwa Binti Yake

Katika ufuo niliokulia, shule ilikuwa na walimu kadhaa, lakini mtu akisema "Mwalimu" peke yake, bila jina na bila kuongeza lolote, kila aliyesikia alijua ni nani. Wengine walitambulishwa kwa masomo yao au kwa mahali walikotoka. Yeye hakuhitaji. Sitamtaja jina hapa, kwa kuwa hata sisi tuliofundishwa naye hatukuwahi kulitumia. Wala sitasimulia alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi. Nilimfahamu nikiwa mtoto wa darasa la tatu, nikamfahamu tena nikiwa mwalimu mpya mjini Kisumu, na yote ninayoyajua kumhusu yametokana na nyakati hizo mbili.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba darasa lililazimika kunyamaza ili limsikie. Alivaa viatu vya raba vyeusi na sketi ndefu ambayo, asubuhi nyingi, ilikuwa na magamba ya omena kwenye pindo. Magamba hayo yanahitaji maelezo.

Mitumbwi ya omena hurudi alfajiri. Samaki wale wadogo humwagwa juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa mchangani, na ni lazima wasambazwe upesi ili jua liwakaushe kabla mvua haijawaharibu. Hiyo ni kazi ya wanawake, na wanawake huwashirikisha watoto wao. Kwa hiyo omena walipokuwa wengi, darasa lilibaki nusu tupu. Mwalimu mkuu alikuwa na njia yake: kuwaita wazazi na kuwatisha kwa chifu. Mwalimu hakutisha mtu. Alikwenda ufuoni kabla ya kengele, akamwendea mzazi aliyemzuia mtoto, akasalimia, akachutama, akaanza kusambaza samaki pamoja nao. Hakusema neno kuhusu shule. Kazi ilipokwisha alinawa mikono ziwani, akamshika mtoto mkono na kuondoka naye.

Nilimwona akimfanyia mama yangu hivyo. Mama hakuvumilia hata nusu ya wavu.

"Mwalimu, tafadhali, unanitia aibu. Watu watasema nimeajiri serikali."

"Basi nipe mtoto nikuondolee aibu."

"Mchukue. Mchukue na huyu mdogo pia, hana kazi."

Mdogo wangu alikuwa hajaota meno yote. Mwalimu alimbeba kweli hadi shuleni, akamlaza juu ya gunia kando ya ubao, na mama akalazimika kuja kumchukua huku ufuo mzima ukimcheka. Hatukuzuiwa tena.

Hakuamini kiboko, na katika miaka ile jambo hilo lilimfanya aonekane dhaifu machoni pa wenzake. Lakini haitakuwa haki kumwita mpole. Ulimi wake ulikuwa na makali ambayo fimbo haina. Kwa mwanafunzi aliyeandika vibaya angesema, kwa sauti ileile ya chini, "Umejitahidi. Sasa niandikie hayo hayo kwa lugha ninayoijua." Kwa aliyesoma kwa kusitasita alisema, "Soma kama mtu anayeongea na jirani, usisome kama mtu anayehesabu kuni." Wapo waliotamani awachape yaishe. Nilipojifunza chuoni kwamba adhabu ya viboko humdhalilisha mtoto, nilimkumbuka kama mfano mwema. Kisha nikakumbuka pia nyuso za waliosemwa, na nikaona kwamba kitabu kilikuwa kimeacha kitu nje.

Mtoto aliyemchosha zaidi alikuwa mvulana mrefu aliyenitangulia kwa madarasa kadhaa. Huyo alitoroka hata siku ambazo hapakuwa na omena. Aliruka dirisha la darasa, akaenda kusaidia kuvuta mitumbwi, na Mwalimu akamfuata. Alipofika darasa la saba alitoroka moja kwa moja. Kwa muda wote uliobaki wa muhula, Mwalimu aliendelea kuliita jina lake kila asubuhi, akatulia kidogo, kisha akaita la anayefuata. Kijana huyo alikuja kuwa fundi wa kuchomelea vyuma huko Mamboleo, pembezoni mwa Kisumu, na miaka mingi baadaye ndiye aliyeishi na binti pekee wa Mwalimu na kuzaa naye watoto wawili.

Kuhusu umama wake, nina ushahidi wa binti mwenyewe, ambao si wa kumpendelea. Nyumba ya Mwalimu ilikuwa karibu na shule, na watoto wasio na chakula cha mchana walikula hapo. Binti alikula nao, mwisho, katika sahani iliyopatikana. Darasani aliketi nyuma kabisa. Aliponyoosha mkono, mama yake aliwatazama wengine kwanza. Na kama yupo mwingine yeyote aliyenyoosha, huyo ndiye aliyejibu. Mwalimu alieleza kwamba hakutaka mtoto yeyote afikiri kuna aliyezaliwa akijua. Maelezo hayo nayaheshimu. Binti hayaheshimu.

"Mama yangu alikuwa wa watu," aliniambia wakati mmoja. "Nikiugua, anakuja jioni. Mtoto wa jirani akiugua, anaacha hata chai mezani. Mimi nilikuwa nikiomba Mungu anifanye mtoto wa jirani."

Alisema hayo akicheka, lakini hakuwa anatania.

Kuna jambo jingine ambalo ni lazima lielezwe, kwa sababu bila hilo yaliyofuata yataonekana ni ukaidi wa kizee. Mwalimu hakuwa mtu wa kushikilia mila. Alipofiwa na mume, wazee walimjia na pendekezo kwamba arithiwe na shemeji yake, ndugu wa marehemu, kama ilivyokuwa desturi. Aliwaandalia chai. Kisha, mbele ya wote, akamgeukia shemeji.

"Shemeji, chai yako ina sukari ya kutosha?"

"Inatosha kabisa."

"Nafurahi. Basi hiyo chai ndiyo utakayoipata katika nyumba hii."

Shemeji mwenyewe ndiye aliyecheka kwanza. Aliendelea kuja kunywa chai kwa miaka mingi, wakawa marafiki. Waliotabiri kwamba mjane yule angepatwa na chira, yaani maradhi ya kudhoofu yanayosemekana kumpata avunjaye mila, walingoja wakachoka. Darasani alitufundisha kwamba malaria huletwa na mbu na kipindupindu huletwa na maji machafu, na kwamba hajawahi kumwona mdudu aitwaye chira.

Kwa hiyo mwaka jana, alipopata kidonda cha mguu kwa sababu ya kisukari, hakuna aliyetarajia kilichotokea. Alikwisha kustaafu na alikuwa akiishi nyumbani, upande wa Bondo, karibu na ziwa. Daktari mjini Kisumu alisema kidonda kisafishwe na kufungwa hospitalini kila siku, au mguu utakatwa. Kusafiri kila siku kutoka nyumbani kusingewezekana. Binti yake alikuwa na nyumba ya vyumba viwili Mamboleo, katika ploti ileile ninayopanga mimi, safu ya nyumba zenye ukuta mmoja na ua mmoja. Alitandika kitanda cha watoto, akawahamishia watoto chini, akaenda kumpokea mama yake.

Mwalimu alifika, akasimama uani akiegemea fimbo, akautazama mlango wa binti yake. Hakuingia.

Kwa watu wa nyumbani kwao, mama halali katika nyumba ya mwanamume anayeishi na binti yake kabla mwanamume huyo hajafika nyumbani kwa mwanamke na wazee wake kujitambulisha. Fundi hakuwa amefika. Siku zote alisema atakwenda, na siku zote hakwenda. Mijini wengi wamekwisha kuipuuza desturi hiyo. Akina mama hulala, hula, hulea wajukuu, wala hakuna anayeuliza. Lakini Mwalimu aliomba kiti, akaketi uani kama mtu anayesubiri ofisi ifunguliwe, akauliza kama kuna mwanafunzi wake yeyote anayeishi karibu.

Hivyo ndivyo alivyokuja kulala kwangu. Mila ina maneno mengi kuhusu mkwe, mwana, shemeji na mjane, lakini haina neno lolote kuhusu mwanafunzi. Nilimpa chumba, nikalala sebuleni juu ya kochi.

Nilikuwa nimetoka chuoni nikiwa na imani thabiti kwamba desturi za namna hii ndizo zinazowafunga wanawake wetu. Jioni ya kwanza nilimwambia hivyo, kwa heshima lakini waziwazi. Nilisema kwamba yeye, aliyekataa kurithiwa, hakuwa na sababu ya kuogopa nyumba ya binti yake.

"Nani amekuambia naogopa?" akauliza. "Chira siijui. Wanaume nawajua."

"Lakini fundi ni mtu mzuri, Mwalimu. Anawalisha watoto wake."

"Ni mzuri. Nilimfundisha mimi. Sasa sikiliza. Mimi nikilala pale leo, yeye ataona mambo yote yamekwisha; hatakwenda nyumbani milele. Na binti yangu atakaa katika ile nyumba kama mgeni aliyesahau kuondoka. Wakikosana kesho, atamwita mzee gani? Wa upande upi? Nani atasimama aseme, huyu ni mke wetu?" Alinyoosha mguu wake uliofungwa. "Ile ya kurithiwa niliikataa kwa sababu ilikuwa inaninyang'anya kitu. Hii inampa binti yangu kitu. Wewe unazipima vipi, zote kwa kijiko kimoja?"

Nilijibu kwamba nitafikiri. Akasema nifikiri nikiwa naosha vyombo.

Kwa binti, hoja hiyo haikuwa na uzito wowote. Alikuja kila asubuhi kumpeleka hospitali na kila jioni kumletea uji, na uso wake ulizidi kukaza.

"Umelala kwa kila mtu," alimwambia mama yake mbele yangu. "Umelala kwa wazazi wa wanafunzi wakiwa na msiba. Umelala kwa Ticha hapa, mtu asiyejua hata kupika maharagwe. Kwangu tu ndiko huwezi. Ukifa, nitawaambia watu nini? Kwamba mama yangu hakuwahi kulala kwangu hata siku moja?"

"Sijafa."

"Mguu wako unanuka, Mama. Mimi ndiye ninayeuona ukifunguliwa."

Baada ya binti kuondoka Mwalimu alikaa muda mrefu akikunja na kukunjua ncha ya leso, na ndipo nilipoelewa kwamba mvutano ule haukuwa rahisi kwake. Alitaka kile kitanda kilichotandikwa kama binti alivyotaka akilalie. Na daktari hakuwa ameahidi kwamba muda ungetosha.

Nilimwendea fundi kwenye karakana yake, nikiwa nimejiandaa kumwambia ukweli. Alizima mashine, akainua miwani yake ya giza, akanisikiliza hadi mwisho.

"Ticha, wewe umeoa?"

"Bado."

"Basi pole pole." Alinivutia kigoda. "Unafikiri ni mbuzi ninaowakosa? Nina wajomba, wangekwenda nami hata kesho. Lakini yule mama alinitoa ufuoni mara nyingi kuliko nyavu. Nikimwona, hadi leo, naona kama sijafanya kazi ya nyumbani. Sasa niende niketi kwake kama mkwe, nimevaa koti?"

"Watoto wako wanakwenda shule," nikasema.

"Watoto wanakwenda. Mimi ndiye niliyetoroka." Kisha akacheka. "Na tena, si mimi pia nilikuwa mwanafunzi wake? Mbona kwako analala na kwangu halali?"

Nilipomfikishia Mwalimu utani huo, alisema, "Mwambie alale darasani kwanza, amalize la saba."

Binti alilikata shauri hilo kwa namna yake. Jioni moja alikuja na godoro kichwani, akalitandaza chini kando ya kitanda cha mama yake, akasema atalala hapo mpaka mguu upone. Watoto aliwaachia baba yao. Majirani walifurahi sana. Mama mmoja anayeuza mboga langoni alinipigia kelele mbele ya ua mzima: "Ticha, tulidhani huna mke, kumbe unao wawili, na mmoja amestaafu!"

Fundi alistahimili siku chache za kupika, kuosha na kusuka nywele za mtoto wa kike, kazi aliyoifanya vibaya kiasi kwamba mtoto alipelekwa shuleni akiwa amefungwa kitambaa. Kisha, kabla ya giza kuingia, alikuja mlangoni kwangu. Hakuingia. Alisimama nje ya pazia, akaongea nami ingawa maneno hayakuwa yangu. Mkwe na mama mkwe hawazungumzi ana kwa ana.

"Ticha, mwambie Mwalimu namsalimia."

Nikageuka ndani. "Anakusalimia."

"Mwambie salamu zimefika. Mwulize watoto wamekula nini."

"Wamekula ugali na mayai," fundi akajibu kabla sijafungua kinywa.

"Mwambie sikumwuliza yeye. Nimekuambia wewe umwulize."

"Fundi, anasema..."

"Nimesikia, Ticha."

Binti aliyekuwa ameketi kwenye godoro aliziba mdomo kwa leso. Nje fundi alisogea karibu na pazia.

"Ticha, mwambie si kwamba sitaki kuja nyumbani. Mwambie nikifika pale nitakuwa yule mtoto wa ufuoni. Wajomba zangu watasema maneno mazuri, na yeye atakuwa jikoni akikumbuka nilivyokuwa nikiruka dirisha."

Nilianza kurudia, lakini Mwalimu aliinua kiganja. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mwambie dirisha nalikumbuka," akasema, na sauti ile ya chini ilikuwa imepungua zaidi. "Mwambie nyumbani kwangu milango ni miwili, na akishindwa kukaa hakuna atakayemkimbiza. Lakini aingie kwanza. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nitakuwa huko."

Hakukuwa na haja ya mimi kurudia. Tulisikia nyayo zake zikivuka ua, na binti, ambaye hakuwa akicheka tena, alianza kukunja blanketi ambalo halikuhitaji kukunjwa.

Daktari alikubali kwa shingo upande aende nyumbani siku mbili, mradi mguu usiguse vumbi. Nilikwenda naye ili nimfunge kidonda, kwa kuwa binti alikuwa na kazi nyingine siku hiyo. Fundi alikuja na wajomba wawili, amevaa koti lililombana mabegani, akaketi kwenye ukingo wa kiti sebuleni na kutazama mkeka. Aliyeketi mahali pa baba ya binti alikuwa yule shemeji wa chai, sasa mzee mwenye mvi, na alizungumza kwa hekima na kwa kirefu. Yaliyosemwa kuhusu mifugo sikuyasikia yote, na hata niliyoyasikia si ya kuandika. Mwalimu alikuwa jikoni, mguu wake juu ya kigoda, akielekeza upishi ambao wapishi waliujua vizuri kuliko yeye. Kila baada ya muda alinituma.

"Nenda uchungulie. Bado ameketi?"

"Bado, Mwalimu."

"Hatazami dirisha?"

"Anatazama mkeka."

"Vizuri."

Chakula kiliingia, wazee walikula, maombi yalisemwa mara mbili kwa sababu mjomba mmoja hakuridhika na yale ya kwanza. Nilipochungulia tena, fundi alikuwa bado palepale na jasho likimtiririka shingoni. Nilimpa Mwalimu habari hiyo. Aliinua kifuniko cha sufuria iliyokuwa tupu, akaitazama ndani kwa muda, akakirudisha.

Jumatatu alirejea mjini kwa ajili ya mguu wake. Binti alimpokea uani, na safari hii hakuulizwa mtu kama kuna mwanafunzi karibu. Mwalimu alivua kiatu kimoja alichokuwa nacho, akainama kidogo chini ya kizingiti ambacho hakikuwa cha chini, akaingia.

Muda mfupi baadaye fundi alibisha kwangu akiwa na blanketi kwapani. Mkwe hawezi kulala chini ya paa moja na mama mkwe wake, na nyumba ilikuwa na paa moja tu.

"Ticha, nimehamishwa," akasema.

"Kwa muda gani?"

"Mpaka mguu upone. Kama hutaki, niambie nikalale karakana."

Nilimwonyesha kochi. Alilipima kwa macho, akaona ni fupi, akaketi tu na kuvua viatu. Ukuta kati yetu na nyumba yake ni mwembamba, na redio za majirani zilikuwa hazijaanza taarifa ya habari, kwa hiyo tuliyasikia yote yaliyosemwa upande wa pili. Mwalimu alikuwa akieleza kwamba bandeji hufungwa kuanzia vidoleni kwenda juu. Binti alikuwa akieleza kwamba amekuwa akitazama ikifungwa hospitalini wiki zote hizi na hahitaji kufundishwa. Mwalimu alisema anayetazama hajajua. Wajukuu walitaka kujua kama Dana, yaani bibi yao, angelala na bandeji.

"Wanagombana?" fundi aliuliza kwa kunong'ona.

"Wanagombana."

Aliegemea kochi na kufumba macho. Upande wa pili sauti ya binti ilipanda, ikawa ya mtu mwenye nyumba yake.

"Mama, weka mguu juu ya mto. Hapa ni kwangu."

Tulisubiri jibu. Tulichosikia ni mlio wa kitanda cha watoto, mtu akijisogeza na kuuweka mguu mahali alipoambiwa.